Loketi ya Min Akinyi

Jua lilikuwa halijapanda sana juu ya mabati ya mtaa wa Manyatta, Kisumu, na tayari Benta alikuwa amekaanga beseni zima la mgongo wazi. Mgongo wazi ni mifupa ya mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwani, inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa. Minofu hupanda ndege ikaliwe mbali, na mifupa huja Manyatta. Benta hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya minofu. Alijua kuutia mfupa chumvi, kuugeuza kabla haujaungua, na kuuuza kwa maneno matamu hata siku ambayo mafuta yamepanda bei tena na vipande vimelazimika kupungua.

"Mama Becky, hii kichwa imekonda," mteja mmoja alilalamika huku akikibonyeza kichwa cha samaki kwa kidole.

"Samaki pia amesikia bei ya unga, ameanza kufunga," Benta alimjibu. "Chukua na usinibonyezee biashara."

Mteja alicheka, akachukua. Benta alifuta mikono, akachungulia chumbani nyuma ya jiko. Binti yake Becky alikuwa amepiga magoti mbele ya begi, na kila nguo aliyoiweka ilitolewa upande wa pili na Akinyi, mtoto wake wa miaka mitatu, aliyeamua kwamba begi hilo ni lake na atalala humo.

"Min Akinyi, mtoe huyo mtoto kwa begi!" Benta alisema.

Tangu Akinyi azaliwe hakuna mtu mtaani aliyemwita Becky kwa jina lake. Min Akinyi, mama yake Akinyi: ndivyo Wajaluo wanavyomheshimu mwanamke aliyezaa, na ndivyo majirani, wateja na mama yake mzazi walivyomwita, bila hata kufikiria.

Mchana huo Becky angepanda basi la Nairobi, na Nairobi angepanda ndege kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani kwa miaka miwili. Alimaliza shule, akatafuta kazi Kisumu mpaka viatu vikaisha, akaosha nywele za watu kwenye saluni ya Nyamasaria mpaka saluni yenyewe ikafungwa. Ajenti aliyempatia nafasi, Madam Celestine, alikuwa na sharti moja. Matajiri wa huko hawataki wanawake wenye watoto, kwa sababu mwenye mtoto hulilia kurudi nyumbani. Basi kila msichana alirekodiwa video akisema hana mume na hana mtoto. Benta ndiye aliyemfundisha Becky kulisema hilo bila kupepesa macho. Aliona ni uongo mdogo wenye mshahara.

Kilichomkera ni jambo jingine. Waliotangulia walisema kwamba simu huchukuliwa na mwenye nyumba siku ya kwanza. Picha ya karatasi nayo italowa kwenye ndoo ya kufulia, au itatupwa na mtu anayefagia. Benta aliwaza juu ya hayo wiki nzima akigeuza mifupa kwenye mafuta, hadi jibu likamjia. Atamnunulia mwanawe loketi, kile kidani kidogo kinachofunguka na kubeba picha ndani. Kitu kilicho shingoni kinaoga na mwenyewe na kinalala na mwenyewe.

"Natoka kidogo kwenda tao," alimwambia Becky. "Tutakutana kwa ofisi ya Celestine. Huyo mtoto muache kwa Mama Ooko, madam hataki kuona mtoto karibu na hiyo ofisi."

Becky alimtazama Akinyi, ambaye sasa alikuwa amevaa kiatu chake kimoja, akaitikia kwa kichwa tu. Benta aliiona ile sura, ikamchoma. Alijikaza kisabuni, akaondoka.

Duka la Shilpa, muuza vidani wa mjini, lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya duka la vitambaa na duka la vyombo. Shilpa alizaliwa Kisumu kama baba yake, alijua salamu za Kijaluo na alijua kwa kumtazama mtu kama amekuja kununua au amekuja kupumzikia feni. Alipomwona Benta, mwenye harufu ya samaki na kichwa kilichoinuliwa juu, alitoa trei mara moja.

"Hii ya moyo ndio watu wanapenda sana, Mama."

"Moyo ni ya wapenzi. Mimi nataka ya kubeba mtoto."

Shilpa alimwonyesha ya duara, ya rangi ya dhahabu, inayong'aa mpaka inaumiza macho. Benta aliishika, akaifungua na kuifunga, akaifungua na kuifunga, mpaka Shilpa akaanza kukohoa.

"Mama, utaivunja."

"Kama itavunjika, ivunjike hapa mbele yako. Huko anaenda hakuna wa kumtengenezea." Aliikwaruza pembeni kwa ukucha. "Na hii dhahabu ni ya ukweli?"

"Ni ya kuchovya. Juu dhahabu, ndani shaba. Ukivaa kila siku, na jasho, na sabuni, itachubuka."

"Basi rudisha. Nionyeshe yenye ndani na nje ni kitu moja."

Shilpa alifungua droo ya chini, akatoa loketi ndogo ya fedha, duara, bila maua wala nakshi. Haikuwa na makeke. Bawaba yake ilikuwa nene na ilijifunga kwa mlio mdogo mkavu uliompendeza Benta papo hapo.

"Hii ni fedha," Shilpa alisema. "Nakwambia ukweli, itaingia weusi. Fedha yote inaingia weusi. Lakini ukisugua inarudi vile ilikuwa."

"Hiyo ndio yangu," Benta alisema. "Nitamwambia akisugua atumie jivu na limau."

Shilpa alishika kichwa. "Jivu hapana! Mama, hii si sufuria!"

"Sufuria zangu zinang'aa unaweza kujichana nywele ukijiangalia."

"Najua, lakini jivu itakwaruza hii mpaka iishe. Asikize hivi. Kitambaa laini ya pamba. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, afute pole pole, akaushe. Na asiitumbukize, maji ikiingia ndani picha imekwisha. Akifua nguo na dawa ya madoa, atoe. Akimaliza, avae. Asiiweke kwa droo. Fedha inapenda ngozi ya mtu. Ukiificha ndio inakuwa nyeusi haraka."

Benta aliyarudia yote kwa sauti kama mtoto wa shule. Kisha akatoa picha ya Akinyi, iliyopigwa na kijana wa picha za pasipoti kule stendi, Akinyi akiwa amefura mashavu kwa sababu alikataa kutema mandazi. Shilpa aliikata kwa mkasi mdogo, akaiweka ndani, akaifunika kwa kipande cha plastiki angavu. Aliitazama kidogo kabla ya kuifunga.

"Mjukuu?"

"Mjukuu."

"Wangu wako Uingereza. Nawaona Jumapili kwa simu." Shilpa akapunguza bei bila kuombwa. Benta alilipa kwa pesa za zamu yake ya chama cha kuchangiana, zilizokuwa za mafuta na unga, wala hakujuta hata kidogo. Alitoka dukani akitembea kama mwenye mji.

Ofisi ya Madam Celestine ilikuwa ghorofa ya kwanza karibu na stendi, na basi la kukodi lilikuwa limeegeshwa chini. Ngazi zilijaa wasichana, mabegi na mama zao. Celestine, Mjaluo wa Asembo Bay mwenye wigi la kichungwa na kadi shingoni, alikuwa mlangoni akikagua kila msichana kabla hajashuka kwenda kwenye basi. Alipekua mabegi, akatupa kando dawa za kienyeji na pakiti za omena, dagaa wa ziwani.

"Hii itanukisha nyumba ya watu," alimwambia mmoja, akiweka omena zake chini ya meza yake mwenyewe.

Zamu ya Becky ilipofika, Benta alijipenyeza mbele, akaitoa loketi kwenye leso.

"Hiyo ni nini?" Celestine aliuliza.

"Zawadi ya mwanangu."

"Fungua."

Benta alifungua. Becky aliona uso wa mtoto wake na mashavu yale, akaziba mdomo kwa mkono.

"Huyu ni nani?" Celestine aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ni yeye mwenyewe Becky akiwa mdogo," Benta alisema, bila kupepesa macho. "Nataka asisahau kwao."

Celestine aliitazama picha, akamtazama Becky. Paji la uso lilikuwa moja, na yale macho ya ukaidi yalikuwa yale yale. "Sawa," alisema. "Mvalishe haraka, dereva anangoja."

Benta nusura acheke. Alimkaribia binti yake kwa nyuma, akazungusha mkufu shingoni. Kile kifungo kidogo kilimsumbua. Vidole vyake vilikuwa vimezoea mifupa na kuni, si vitu kama hivyo, na ghafla machozi aliyokuwa ameyabana tangu asubuhi yakawa yanamtia ukungu machoni.

"Min Akinyi," alisema, "hebu inama kidogo."

Wasichana ngazini wakageuka.

Benta alisikia alichokisema baada ya kukisema. Kama Celestine angekuwa mtu wa Mombasa au Machakos, neno hilo lingempita. Lakini alikuwa mtu wa Asembo, na hakuna mtu wa Asembo asiyejua kwamba huwezi kuwa Min kabla hujazaa.

"Umemwita nani?" Celestine aliuliza.

Aliitazama tena loketi.

"Mama, mimi najua hawa wasichana wana watoto, mimi si mjinga. Shida ni hao matajiri wasijue. Akifunguliwa hiyo kitu kule, ni mimi nitaulizwa. Toa hiyo picha, ama achukue begi arudi nyumbani."

Akilini Benta alimwona Akinyi akila ugali mkavu, akaona jiko, akaona mafuta yanayopanda bei. Mkono wake ulianza kuielekea loketi. Becky aliushika.

"Sitoi," Becky alisema.

"Nini?"

"Nimesema sitoi, madam. Nitaosha choo zao. Nitalala mahali wataniambia nilale. Lakini huyu sitoi. Kama ni kurudi na begi, nitarudi."

Benta alimtazama mwanawe kana kwamba ameletewa mwingine. Aliogopa, na alijivuna, vyote pamoja.

Nyuma yao msichana mmoja alicheka. Alikuwa Metrine, wa kutoka upande wa Vihiga, mrefu, mwenye sauti nzito. Alivua kifuniko cha simu yake, akachomoa picha ya mtoto wa kiume aliyevaa sweta ya nasari.

"Basi hata mimi nirudishe, madam. Huyu anaitwa Joram."

Halafu wa nyuma yake akafungua Biblia. Mwingine akainama, akavua soksi. Mwingine akaingiza mkono ndani ya sidiria bila aibu mbele ya watu wote. Picha zikaanza kuwekwa mezani pa Celestine moja moja: mapacha, kichanga ndani ya shuka la hospitali, msichana mwenye mapengo, mtoto juu ya pikipiki ya mtu. Meza ikajaa. Wale wasichana wasio na watoto, waliorekodiwa wakitabasamu, walikuwa wamebeba watoto kila mahali palipofichika mwilini.

"Mnataka kuniharibia kazi?" Celestine alisema. "Hii sheria si yangu! Ni hao ndio wanataka!"

"Na hiyo ya kusema hatuna, nani alitufunza?" Metrine aliuliza.

Chini dereva alipiga honi. Celestine alichungulia dirishani, akaitazama meza, akaitazama ngazi. Watu wa Nairobi walikuwa wakiwasubiri wasichana wote, na basi likifika tupu ni yeye angeulizwa. Hilo lilionekana wazi usoni mwake, na kila mama kwenye zile ngazi alilisoma.

"Chukueni hizo vitu zenu," alisema mwishowe. "Mimi sijaona kitu. Wakiwanyang'anya huko, msinipigie simu."

Alitoa simu yake, akaanza kuita majina ya kupanda basi.

"Rebecca Atieno."

Becky hakusogea. Loketi, ambayo Benta alikuwa ameshaikaza shingoni, ilikuwa juu ya blauzi, ikionekana kabisa.

"Rebecca Atieno! Si ni wewe?"

"Hilo ndilo jina mlilolirekodi, la yule asiye na mtoto," Becky alisema.

Honi ikalia tena, ndefu. Wasichana walisimama na mabegi yao, wala hakuna aliyeshuka. Celestine aliuma meno.

"Min Akinyi," alisema chini chini.

"Kwa sauti, madam," Benta alisema. "Hata dereva asikie."

"Min Akinyi!"

"Niko," Becky alijibu, akachukua begi lake. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka kile kidani kikawaumiza wote wawili kifuani, kisha akashuka ngazi bila kugeuka.

"Mama Joram!" Celestine aliita, na safari hii hakuhitaji kuambiwa. Akaendelea, Min huyu, Mama yule, akiwauliza mmoja mmoja watoto wao wanaitwaje, sauti ikizidi kukauka, mpaka ngazi zikabaki na mama zao na wigi lake. Basi likaondoka na wote.

Benta hakungoja lipotee kona. Akinyi alikuwa kwa Mama Ooko tangu asubuhi, na alikuwa hajala.