Maumivu Yasiyotajwa Mbele ya Mkwe

Daktari Wawira aliuliza swali dogo tu, na swali hilo ndilo lililomtoa Edinah jasho.

"Mama, kuna maumivu yoyote? Tumboni? Mgongoni?"

Edinah akatazama viatu vyake. Kwenye kona ya chumba alisimama Sitati, mume wa binti yake Mercyline, amekodolea ukuta macho kana kwamba una runinga. Kwao Bungoma, mama na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni, hawapeani mikono, na habari za mwili wa mama hazitajwi mkwe akisikia. Asubuhi hiyo garini Edinah alikaa kiti cha nyuma, na Sitati akakipinda kioo cha juu kikatazama paa. Ni Mercyline aliyepaswa kumleta, lakini huko Karagita, kwenye shamba la maua alikofanya kazi, waridi za Februari zilikuwa zinakatwa na hakuna aliyepewa ruhusa. Sasa daktari, mtoto wa Embu asiyejua mambo hayo, alikuwa amemwambia Sitati, "Kijana, usitoke. Kaa umsikilizie mama yako." Wote wawili wakakosa pa kuanzia kumsahihisha.

"Hakuna," Edinah akasema. "Niko tu sawa."

Hakuwa sawa. Tangu Jumapili kuna kitu kilikuwa kikimchoma kutoka kitovuni mpaka kiunoni, kinakuja, kinaondoka, kama mtu anayepita mlangoni akichungulia.

Daktari akageuza kompyuta. "Huu ndio mshipa mkubwa wa damu. Unatoka kwa moyo, unashuka tumboni. Hapa umefura."

"Kama tairi imetoa nundu," Sitati akauambia ukuta. Alikuwa dereva wa lori.

"Kabisa. Lakini nundu bado si kubwa sana. Kwa vile haiumi, tunaweza kungoja. Umeze dawa ya presha, tumbaku uache kabisa, mizigo usibebe, urudi baada ya miezi mitatu tupime. Ikikua, tutachagua. Kuna kupasua tumbo, tushone bomba la kitambaa pale palipofura. Hiyo ni kazi nzito, lakini ukishapona, umepona. Halafu kuna kupitisha bomba ndani ya mshipa wa paja mpaka lifike juu. Unaamka mapema, ila utapigwa picha kila mwaka maisha yako yote, na si kila mshipa unakubali."

"Na ikipasuka?"

Daktari hakukwepa. "Wengi hawafiki hospitali, mama. Ndiyo maana ukisikia maumivu, hata kidogo, kungoja kunaisha siku hiyo hiyo."

Edinah akafungua mdomo. Akauona mgongo wa Sitati, mpana, umeijaza kona yote. Akaufunga.

Wakatoka Nakuru, wakashika barabara ya kurudi nyumbani kwa Edinah, Elburgon. Edinah aliketi ameweka kiganja juu ya tumbo, chini ya leso, na chini ya kiganja kitu kile kilikuwa kikidunda kwa mpigo wake chenyewe. Miezi mitatu. Angelala vipi miezi mitatu akisikiliza tumbo kama anayesikiliza mwizi darini? Akajiambia pengine ni upepo tu. Pengine ni yale maharagwe.

Walipopita Njoro, kitu kikamchoma tena, na safari hii hakikuondoka. Akampigia Mercyline. Simu ikalia mpaka ikachoka, kwa maana wakata maua huacha simu zao kabatini. Akapiga tena. Wapi!

"Network?" Sitati akauliza, macho barabarani.

"Hashiki."

Jasho lilikuwa limemlowesha kitambaa cha kichwa. Mbele yake palikuwa na masikio mawili tu duniani, na ni yale asiyoruhusiwa kuyaambia. Basi akafanya alilolizoea tangu utotoni, kila roho yake ilipobanwa.

"Baba Quincy," akamwita kwa jina la mjukuu wake. "Kitendawili!"

Sitati akashtuka, kisha akacheka kidogo. "Tega, mama."

"Nina mgeni ndani. Hakubisha hodi, chai haombi, na nikimfukuza kwa pupa tutaanguka pamoja."

"Kunguni."

"Kunguni hawaanguki na mtu. Jaribu tena."

"Funza! Hapana, ngoja... mpangaji asiyelipa."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Salgaa."

"Salgaa nifanye nini, nichomee madereva mahindi? Nipe mji wa maana."

"Haya, chukua Nakuru yote na ziwa lake. Toa jibu."

Edinah akafunga macho. Nakuru alikuwa ameshaipokea, na anayepokea mji halali na jibu. Hilo hata watoto wa chekechea wanalijua, kutoka Bungoma mpaka huku.

"Ni tumbo langu," akasema. "Linauma. Linauma tangu Jumapili, na sasa linauma kuliko Jumapili."

Gari likapunguza mwendo. Sitati hakugeuka, lakini shingo yake ilikakamaa.

"Mama. Si ulimwambia daktari hakuna?"

"Ningesema aje, na wewe umejaa pale kama kabati?"

"Ningetoka!"

"Aliyekuambia ukae ni nani?"

Sitati akakanyaga breki. Akaligeuza gari palepale, lori la mbao nyuma yao likapiga honi kwa hasira, na safari ya kurudi Nakuru haikuwa na kitendawili hata kimoja.

Daktari Wawira alipomwona tena, tabasamu lilimtoka usoni. Edinah akamwambia kabla ya kuulizwa: "Huyu si mwanangu. Ni mkwe wangu. Kwetu mambo haya hayasemwi akiwepo. Na tumbo linauma."

Daktari akashika mdomo. "Woi. Pole, mama. Ningeuliza." Akavuta pazia, Sitati akabaki upande wa pili. Mikono ya daktari ikapapasa tumbo polepole, kama anayeshika yai. "Leo hurudi nyumbani. Tunapiga ile picha kubwa sasa hivi. Ikikubali bomba la paja, tunaweza kulitumia. Isipokubali, ni kupasua. Wewe ungetaka lipi?"

Edinah akaliwaza. Kupasuliwa ni miezi ya kuinuliwa na kuoshwa, na Mercyline ana chumba kimoja huko Karagita, chumba cha mkwe, ambamo yeye hawezi kulala hata usiku mmoja. Paja ni kurudi kila mwaka, na kila mwaka hofu hii hii.

"Kurudi naweza," akasema. "Nipitishieni pajani. Likikataa, pasueni. Ila usiniambie hakuna hatari."

"Siwezi kukuambia hivyo."

"Basi nimekubali."

Nje ya pazia simu ikalia. "Mama, ni Mercyline," sauti ya Sitati ikasema. "Nimwambie nini?"

Edinah akalamba midomo iliyokauka. "Mwambie ni tumbo. Mwambie linauma tangu Jumapili, na nimekubali litengenezwe."

Akamsikia akiyarudia kwenye simu, neno kwa neno, akikwama kwenye tumbo, akilisema tena. Wauguzi wakaja kumsukuma kitanda. Walipomwinua mguu, ule mchomo ukazidi.

"Hapa," akasema kwa sauti ya kusikika nje ya pazia, akionyesha kwa kidole. "Daktari, ni hapa."