Gari la Delmer Lapata Jina

Mwenye kijana anayeshinda chini ya gari kuukuu na asome haya vizuri, maana Ozella Tackett naye mwanzoni alidhani ni mchezo tu.

Mwanawe Delmer alinunua Ford ya zamani, bodi tupu iliyokuwa ikilaliwa na kuku. Akaikata nguzo za madirisha, paa likashuka, kisha akaipachika injini kubwa iliyotolewa kwenye gari la kubebea maiti. Miaka ile vijana wa mji wa Bakersfield walikuwa hivyohivyo wote, grisi kwenye kucha mpaka kanisani.

Lugha yao Ozella alikuwa keshaijua. Mwenye gari akisema "limebaki kidogo tu," ujue injini iko sakafuni vipande vipande. Akisema "linanguruma vizuri," ujue ekzosi hakuna. Akisema "linataka dereva mwenye mikono," basi usukani unavuta kwenda mtaroni.

Yaliyomnyima raha ni majina. Kwa vijana wale, mwenye gari haruhusiwi kulibandika gari lake jina. Wenzake ndio hulibandika, nalo jina hutoka kwenye mkasa wake wa kwanza. La Wendell liliitwa Mla Nyusi, kwa kuwa lilimlipukia usoni. La Rube liliitwa Kiatu Kimoja: sakafu ilitoboka, kiatu kikabaki barabarani. Hayo mtu unacheka. Lakini nyuma ya gereji yao lilikuwapo jingine chini ya turubai, lililoshuka mlima wa Tehachapi likakataa kusimama. Hilo waliliita Mjane, na wakilitaja walishusha sauti.

Gari la Delmer lilikuwa bado halina jina. Na Jumapili alitaka kulivusha mlima huohuo, akashindane mbio kwenye ziwa lililokauka upande wa pili.

"Breki je?" Ozella alimuuliza huku akikaanga mayai.

"Zipo, Mama."

"Zipo wapi?"

"Mama nawe! Zipo tu. Zimebaki kidogo."

Kidogo! Mwiko ulimponyoka. Kumkataza angeweza, lakini kijana mwenye ndevu ukimfungia mlango anatokea dirishani. Akawaza: kama jina lazima litoke kwenye mkasa, basi mkasa na uje hapahapa kwangu, nichague mwenyewe gari litagonga nini.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa jirani mfuga farasi, akaomba robota za majani makavu, akazipanga mwisho wa ua. Ili Delmer asione kama anadharauliwa, akazificha kwa kuanika nguo mbele ya robota hizo: mashuka, mataulo, na gauni lake la kulalia la waridi. Kisha akawaita Wendell na Rube waje kula pai ya mapichi.

"Delmer mwanangu, nitembezee gari lako mpaka kwenye kamba ya nguo, usimame. Mimi sijaliona likitembea."

"Uani? Mama, hili si toroli!"

"Bi Ozella, kata pai tule," Rube akasema. "Huyu anaogopa mashuka."

"Nani anaogopa?"

Delmer akarukia ndani, akawasha. Madirisha ya nyumba yakatetemeka, mbwa akaingia uvunguni. Gari likaja polepole kama bwana harusi, Delmer kanyoosha shingo, mkono mmoja kwenye usukani. Alipokaribia kamba akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni kama mguu kwenye matope. Akakanyaga tena. Hakuna kitu.

"Mamaaa!"

Likapita kwenye mashuka, likazama kwenye majani makavu, puu! Injini ikakohoa, ikazima.

Ozella alifika wa kwanza. Delmer alikuwa mzima, majani mpaka masikioni, macho yamemtoka. Na juu ya boneti, mikono miwili imezikumbatia taa, limetanda lile gauni la waridi.

Wendell akakaa chini kwa kucheka. "Jamani! Limevaa! Limejiandaa kulala!"

"Gauni la Kulalia!" Rube akatangaza. "Jina limepatikana!"

"Hapana, ndugu zangu, tafadhalini, si hilo..."

"Ndilo hilo, bwana. Limekwisha kutoka."

Walipolala chini ya gari wakakuta bomba la mafuta ya breki limefungwa kwa waya na kitambaa, na kitambaa kimelowa chapachapa. Kicheko kikakatika. Delmer alilitazama, kisha akageuka upande ulikokuwa mlima. Jumapili hiyo hakwenda popote.

Alipokuja kwenda, mwezi mwingine, ubavuni mwa gari kulikuwa na maandishi ya waridi ambayo Wendell aliyachora kwa furaha kubwa. Ozella alitoka kibarazani na swali lake mdomoni. Delmer akamwahi, akamfungulia mlango.

"Kanyaga mwenyewe, Mama."

Akapanda, akakanyaga kwa miguu yote miwili, na uzito wake wote. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Haya, nenda," akasema akishuka. "Na gauni langu?"

"Haliwezi kurudi, Mama. Tumelitundika gerejini."

"Basi niletee jingine. Na safari hii la rangi ya bluu."