Sauti ya Wifi

Kabla ya kiharusi, mama mmoja alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Aliuza vitambaa katika duka lake la mlango mmoja, na mteja aliyeingia kuulizia foronya alitoka amekumbatia mapazia ya nyumba nzima, tena akishukuru. Ulimi huo ndio uliogoma. Akili ilibaki timamu, macho yalisoma, mkono wa kushoto ulifanya kazi, lakini kila neno liliishia kooni likawa mguno. Akaona haya. Wageni wakibisha hodi, alijikokota hadi chumbani na kufunga mlango, na duka nalo likabaki na kufuli.

Binti yake hakukubali. Kazi yake ni kutengeneza programu za simu. Alishawatengenezea watu asiowajua za kuagizia dawa na za kufundishia hesabu, sasa angeshindwaje kumtengenezea mama yake ya kusemea? Alijifungia na kompyuta wiki kadhaa, akatoka na kitu alichokiona kizuri hasa: vitufe vikubwa vyenye picha, ukigusa kimoja simu inasema. Naomba maji. Ninahisi baridi. Asante sana. Mama alivigusa kimoja kimoja hadi cha mwisho, kisha akailaza simu kifudifudi mezani na kugeukia ukuta.

Binti aliumia, wala hakuficha. Aliyemfumbua macho ni shangazi yake, dada wa baba. Huyu na mama walikuwa mawifi wa kutaniana tangu siku ya harusi. Hawakukaa sebule moja bila kurushiana maneno, na hawakuwahi kununiana. Shangazi aliichukua simu, akaigusagusa huku amekunja uso.

“Umemtengenezea mgonjwa,” alisema. “Mama yako mwenyewe humu hayumo.”

Neno hilo lilimchoma binti kwa sababu lilikuwa kweli. Akafuta karibu kila kitu, akaanza upya. Maneno ya dukani aliyajua, amekua akiyasikia akichezea chini ya meza ya kukatia. Ya utani alimwuliza shangazi, maana yeye ndiye aliyekuwa akipigwa nayo, na shangazi akayamwaga yote, ya miaka nenda rudi, kwa mdomo na kwa mikono.

Ikabaki sauti. Ile ya mashine ilitamka kila kitu kama tangazo la kituo cha mabasi. Binti akaweka ya kwake, mama akatikisa kichwa. Akaweka ya jirani, mama akatikisa kichwa. Mwishowe mama akanyoosha kidole na kumwelekezea wifi yake, na macho yake yakacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Basi shangazi wa watu akajikuta stoo ya duka, katikati ya majora ya vitambaa yanayomeza mwangwi, akirekodi kwa kinywa chake kejeli atakazochapwa nazo mwenyewe. Alijaribu ujanja. Palipoandikwa “Wifi, chai yako tunaimeza kwa heshima ya ukoo,” yeye alisoma “kwa furaha.” Binti akasimamisha rekodi na kumwomba asome kilichoandikwa. Shangazi akasonya, akavuta pumzi, akaisema kwa dharau iliyokolea hata binti akaangua kicheko na kuiharibu. Wakarudia. Lakini alipofika kwenye “Wifi yangu, mbona siku hizi huonekani,” sauti ilimkatika katikati, na hiyo binti aliiacha ilivyo.

Kidole cha mama kilitetemeka, kikawa kinagusa mara mbili na simu inatania mara mbili. Binti akarekebisha: neno lisitoke mpaka kidole kiinuke. Vitufe vyote akavihamishia kushoto. Yalikuwa mambo madogo, ila aliyaonea fahari kuliko programu zote alizowahi kulipwa.

Siku ya kufungua tena duka, mama alipiga moyo konde, akaketi nyuma ya meza. Aliyeingia wa kwanza ni mwalimu wa chekechea, mteja wake wa zamani, akitafuta kitambaa cha pazia. Mama akagusa simu: “Umekuja na kipimo cha dirisha, au tukisie tena?” Mwalimu alipigwa na butwaa, kisha akacheka na kuvuta kiti. Hakutoka na pazia moja tu.

Alipokuwa akifungiwa mzigo, aliuliza chombo hicho kimetoka wapi. Darasani kwake alikuwa na mtoto asiyeweza kusema. Binti akaanza kujiumauma: ni kitu kidogo tu, bado anakijaribu, hakina maana sana.

Mama alikunja uso. Hajawahi kuvumilia bidhaa yake ishushwe thamani mbele ya mteja. Alimshika binti mkono akamvuta hadi mezani, akauchukua mkono wa mwalimu na kuuweka begani kwa binti, vile vile anavyowawekea wateja kitambaa kiganjani. Kisha akagusa kitufe.

“Shika mwenyewe uone. Kitu kama hiki hukipati kwingine.”

Shangazi alikuwa ameketi mlangoni, na hakugeuka.

“Katika yote niliyosemeshwa mle stoo,” alisema, “hilo ndilo ninalokubaliana naye.”

Binti alijaa fahari hadi akakosa pa kuweka macho. Hakusema tena kwamba ni kitu kidogo. Alivuta kiti karibu na mwalimu, akamwuliza mtoto huyo hupenda kumtania nani.