Coy Akinyamaza, Pandisha Bei

Mdomo wa Coy Ledbetter haukujua likizo. Kwenye minada ya stoo za kupanga za Amarillo, watu waliisikia sauti yake kabla hawajaiona pikapu. Aliongea akitafuna, aliongea akipiga miayo, na miguu yake nayo haikutulia. Alizunguka uani kama kuku mwenye yai asiyeona pa kutagia. Kitu kimoja tu kiliweza kumfunga mdomo: stoo yenye mali.

Aliyeligundua hilo ni Dub Pruett, jibaba lenye duka la samani kuukuu. "Coy akinyamaza," aliwanong'oneza wenzake, "pandisha bei." Tangu hapo Coy hakupata tena kitu kwa bei ya bwerere.

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unatoka upande wa mazizi, ukileta ile harufu ya ng'ombe ambayo watu wa kule huiita harufu ya pesa. Royce, dalali, alishika mkasi wake wa kukatia vyuma na kukariri masharti kama mtu anayesali huku anawaza chai. Mpangaji kashindwa kodi, vitu vyake vinauzwa. Mnatazama kutoka mlangoni, hakuna kuvuka kizingiti, hakuna kugusa. Picha za familia na vyeti mrudishe ofisini. Pesa mkononi.

"Na harufu je?" Coy akauliza. "Nayo tunairudisha ofisini?"

Watu wakacheka. Royce akakata kufuli, akausukuma juu mlango wa bati.

Coy akamulika tochi. Ikaangukia kochi la rangi ya boga, mkono mmoja umezungushiwa utepe mweusi. Akalijua. Chini ya utepe ule kulikuwa na tundu lililochomwa na sigara ya baba yake. Tochi ikasogea yenyewe. Kando ya kochi, umeegemezwa ukutani, ulisimama mlango. Mlango wa mbao, mweupe, bila fremu wala nyumba. Ubavuni ulikuwa na mistari midogo, mingine ya penseli, mingine ya wino mwekundu.

Ulikuwa mlango wa jikoni kwao. Penseli ilikuwa yeye. Wino mwekundu ulikuwa mdogo wake, Lyle. Kila siku ya kuzaliwa mama yao aliwasimamisha pale, kitabu kichwani, akachora. Mistari ya penseli ilipanda, ikakipita kitasa, ikafika karibu na juu ya mlango. Miekundu iliishia juu kidogo ya kitasa, kwa sababu Lyle aliishia hapo, akiwa na miaka tisa. Nyumba ilipouzwa, Coy alidhani mlango ulikwenda nayo.

"Oyaa," Dub akasema taratibu. "Coy kanyamaza."

Vichwa vyote vikageuka.

Aseme nini? Aseme ni vitu vya mama yake? Huo ndio uongo mkongwe kuliko yote katika kazi hii, na yeye mwenyewe aliutumia majira ya machipuko. Alivua kofia mbele ya stoo ya mtu asiyemjua, akamlilia shangazi ambaye hakuwahi kuzaliwa, Dub akamwachia kwa huruma, na wiki iliyofuata Coy akauza nyavu na ndoana za marehemu shangazi huku akipiga mluzi. Ukweli alishautumia vibaya. Haukuwa na chenji tena.

Kilichobaki ni mdomo.

"Nimenyamaza nikiliombea hilo kochi," akasema. "Jamani, rangi gani ile? Boga lenyewe likiiona litaomba radhi."

Kicheko. Royce akaanza na dola hamsini. Dub akainua kidole. Coy akainua, kama mtu anayejikuna. Dub tena.

"Dub, unalo duka au makaburi ya makochi?"

"Sitaki kochi mimi," Dub akasema, tochi yake imeganda palepale. "Niambie, dogo. Nani analipia kodi kuutunza mlango? Mtu haweki mlango stoo ila kuna kitu nyuma yake. Mia mbili."

Hilo ndilo kosa la wanunuzi wa stoo: kila kisichoeleweka wanakidhania hazina. Coy alihisi miguu ikimcheza. Mfukoni alikuwa na dola mia tano za tairi za tela, basi. Dub angeweza kuendelea hadi jioni.

"Nyuma yake yupo mkeo wa kwanza, bado anakusubiri umfungulie. Mia mbili hamsini."

"Mia tatu."

Watu walicheka, lakini Dub hakucheka. Coy akaona kwamba kicheko kidogo hakitoshi. Akageuka, akawakonyeza watu waziwazi, kama mtu anayemuuzia Dub mbuzi kwenye gunia. Akaumulika ule ubavu.

"Tazameni hazina ya Dub! Mlango wa kupimia watoto. Mmoja huyu karefuka, huyu mwekundu hapa kagoma. Kauliza bei ya viatu, akasema mimi basi, siendelei kukua. Mia tano! Nampandishia tu, Royce, mwenyewe anautaka."

Ua mzima ukalipuka. Dub alitazama ile mikonyezo, akajiona amebeba mlango mgongoni kupita katikati ya mji, akarudisha mkono mfukoni.

"Wako huo, mjinga wewe," akasema. "Umenasa kwenye mtego wako."

Kundi likaondoka kwenda stoo iliyofuata, bado linacheka. Coy akabaki kutundika kufuli lake jipya. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama nyuma ya pikapu, amevaa gauni la kazi la kantini ya shule.

"Mama. Umefika saa ngapi?"

"Tangu boga lilipoomba radhi."

Coy akautia ufunguo mfukoni.

"Walinipunguzia zamu," mama yake, Oleta, akasema. "Nikadhani nitalipa mwezi ukigeuka. Nimekuja kumwomba atakayenunua anipe mlango tu, kochi abaki nalo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Kazi yako ndiyo hii."

Upepo ukalitikisa bati. Coy akahamisha uzito mguu huu, mguu ule.

"Ilibidi niseme vile. Dub angeujua moyo wangu."

"Najua. Hata mimi nilitaka kucheka, kabla hujafika kwenye wino mwekundu." Akafuta pua kwa kiganja. "Lyle alikuwa mrefu kuliko wewe ulipokuwa na miaka tisa."

"Kwa vidole viwili."

"Basi kawaambie."

"Mama, hawataniamini."

"Sikusema wakuamini."

Coy akaenda. Royce alikuwa anakaribia kukata kufuli jingine. Coy akasimama katikati ya kundi, akavua kofia, na kwa kuiona ile kofia tu watu wakaanza kucheka.

"Shangazi tena?" Dub akasema. "Huyu shangazi kila siku anakufa."

"Ule mlango ni wa kwetu. Mwekundu ni mdogo wangu. Hakugoma kukua, alikufa. Na umri ule alikuwa kanizidi vidole viwili."

Mtu mmoja akapiga makofi. Dub akafungua mdomo arushe lake, kisha macho yake yakampita Coy, yakafika kwa mwanamke mwenye gauni la kantini aliyesimama mbele ya bati, kiganja kimefunguka usawa wa kifua chake, kama anayempima mtoto hewani.

Dub akaufunga mdomo. Akazima tochi.

Coy alibaki pale na kofia mkononi, miguu imetulia, hana la kuongeza.

"Kanyamaza," mtu wa nyuma akanong'ona.

Hakuna aliyepandisha bei.