Vali ya Mkono wa Kushoto

Desanka aliinjika kahawa ya fundi akaisimamia mpaka povu likapanda. Fundi Ostoja hagusi kazi kabla hajapata kahawa na kijiglasi cha rakia, pombe kali ya plamu. Alikunywa, akapangusa masharubu, kisha akajilaza chini ya mashine ya kupulizia dawa.

Mkono wa kulia wa mashine ulipuliza vizuri tu. Wa kushoto ulikuwa mkavu, na shambani vidukari walikuwa wanamaliza viazisukari.

Sreten, mumewe Desanka, alibonyeza swichi ndani ya trekta. Mita ya fundi ikaonyesha umeme unafika. Ostoja akasugua kutu kwenye waya wa athi ulioshikizwa kwenye bodi, akatoa koili ya kulia, ile sumaku ya umeme inayofungua vali, akaivisha vali ya kushoto. Wapi! Mwishowe akaigusisha bisibisi, maana koili nzima huvuta chuma. Bisibisi ikaangukia majani.

"Imekufa?" Desanka aliuliza.

"Haijafa, shemeji. Umeme inakula. Haitaki tu."

Hapo akapita Jelica kwenye ua, na beseni lake la cheri. Alikuwa mjane wa nyumba ya pili, na ndiye aliyewasimamia Desanka na Sreten harusi yao. Bisibisi iliinuka yenyewe kutoka kwenye majani ikanasa kwenye koili, tap! Mkono wa kushoto ukaanza kupuliza. Jelica alipozunguka nyuma ya zizi, ukakauka. Ostoja alimwomba aende tena, arudi tena, kama vile fundi anavyotikisa waya anaoushuku.

"Nimeshaiona hii kijiji cha pili," alisema. "Kule ilikuwa mke wa kasisi."

"Ukabadilisha nini?"

"Cha kubadilisha hakuna. Walimpa kiti."

"Labda ni unyevu," alisema Sreten, masikio yamemwiva.

Desanka aliiokota bisibisi, akasogea mpaka aproni yake ikagusa vali. "Bonyeza," alimwambia mumewe. Sreten akabonyeza. Koili ilikuwa baridi kama kiazi cha stoo.

"Mimi nimesimama hapa tangu asubuhi, Ostoja."

"Nimekuona, shemeji," alisema fundi, akaanza kukusanya spana zake.

Msimamizi wa harusi hafukuzwi wala hasemwi vibaya, na vidukari hawangoji mtu. Desanka alibeba kiti cha jikoni, kile chenye mto alioutarizi mwenyewe, akakiweka ukingoni mwa shamba, trekta inapogeuzia.

"Kaa, msimamizi wangu."

"Jua kali kidogo, Desa."

Desanka akaleta mwavuli, akamshikia. Roho ilimuuma kama jino bovu, lakini mwavuli haukutikisika. Sreten alikwenda akarudi, mikono yote miwili ya mashine ikipuliza sawasawa, na kila alipogeuza trekta alipunga. Jelica alimjibu kwa kitambaa. Desanka aliangalia vidukari wakidondoka.

"Upande huu kidogo," alisema Jelica, naye Desanka akausogeza mwavuli.