Mlango wa Nyuma wa Kinyozi

Mikono ya baba ilipoanza kutetemeka, mtaa mzima ulikubaliana kumdanganya. Baba ni kinyozi. Mteja ananyolewa, anajitazama kwenye kioo, anasifu, "Fundi, wewe hukosei!" Kisha anazungukia mlango wa nyuma, ananikuta uani na mashine yangu, namsawazishia kingo zilizopanda na kushuka kama ngazi. Mwaka mzima hivyo. Nilijiona mtoto mwema kupindukia.

Dada akarudi likizo na tasnifu yake ya chuo, kuhusu mwanafalsafa mmoja wa siku hizi. Nilimwita Profesa mpaka akachoka kununa.

"Haya Profesa, huyo mzee wako anasemaje?"

"Kwamba jambo ni la haki kama unaweza kumweleza kila linayemgusa, kwa sababu ambayo naye hana msingi wa kuikataa."

"Kurasa mia mbili kwa hilo tu? Si ungenitumia ujumbe."

Alicheka. Mara mwalimu mstaafu akatokea uani, nywele za kisogoni zimekwenda upande. Nilipomaliza kumsawazisha, dada hakuwa anacheka tena.

"Nani amekubali mambo haya?"

"Wote! Wateja, mama, mimi..."

"Na baba?"

Nilitafuta utani, nikaukosa. Mimi!

Nikamshika mwalimu mkono, tukaingia ndani. Baba alikuwa anafagia nywele. Nilimweleza yote, bila kuremba.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, baba."

"Na wewe, mwalimu?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. Baba akaketi kwenye kiti cha wateja, ufagio mapajani.

"Tulifanya hivyo kwa kukupenda," nikasema.

"Mlinipenda uani, mimi niko ndani."

Nilimwomba radhi. Baba alijitazama kwenye kioo, akaitazama mikono yake, kisha akainuka taratibu.

"Kuanzia leo kichwa nanyoa mimi. Kingo atamalizia huyu mchekeshaji, hapa hapa, mbele yangu. Kuna anayekataa?"

Mwalimu akainua mkono. "Mimi, fundi. Nimeshanyolewa mara mbili leo. Ya tatu mtaninyoa ubongo."

Baba alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasogeza vitana na brashi zake, akapangusa nafasi iliyobaki mezani kwa kiganja, akaniambia nikalete mashine yangu niiweke pale.