Kura ya Bamama wa Sala

Papa Adalbert, kiongozi wa shirika letu la Mapendo, aliniahidi mbele ya bamama wawili. Alisema: "Mama Kambere, kuja tujenge pamoja. Saa ya kula nitasema na Directeur, na jioni utarudi na mutukulu wako ndani ya Fuso." Kwa neno lile nilibeba mawe toka saa mbili ya asubuhi, na huu mguu wangu.

Mutukulu wangu ni Kahindo, binti wa miaka saba. Baba yake, mwana wangu Kambere, alikuwa dreva wa njia ya Butembo. Alienda safari moja na hakurudia, hata gari halikuonekana. Mama yake akaolewa Kisangani. Nikabaki na mutoto, tukawa tunalala kitanda kimoja. Kisha vita ikaingia muji, ukuta wa jirani ukaniangukia, mguu ukavunjika mara mbili. Pale hospitali waliniambia kuko kituo cha watoto huko Munigi, wanapokea. Nilimwambia Kahindo: "Mwezi moja tu, mpaka Koko wako atembee." Akaniuliza: "Kweli?" Nikamwambia: "Kweli."

Directeur Honoré wa kituo kile alileta papier mpaka kitandani kwangu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu, herufi ninazijua, lakini ile ilikuwa Kifaransa, na mguu ulikuwa unawaka moto. Nikatia sahihi.

Nilipotoka na fimbo nilienda kumchukua. Directeur akanionyesha papier yangu mwenyewe: eti mutoto huyu hana mutu. Nikamuuliza, na mimi ni nini? Akasema ningoje. Kila Yenga, nikitoka misa, nilipanda Munigi. Védaste, sentinelle wa kituo, alinizuia kwenye mulango: familia haziingii, inaumiza roho ya wale wasio na familia. Nilikuwa ninamuachia karanga za kukaanga ampelekee mutoto, nashuka. Hivyo mwaka na miezi miwili.

Kwa hiyo shirika liliposema kazi yetu ya Kwaresima ni kujenga dortoir, nyumba ya kulala watoto wa Munigi, nilikuwa wa kwanza kusimama.

Wanaume walikuwa wanapigilia mbao. Sisi bamama tulipanga mustari, tukapitishana mawe ya volkano mukono kwa mukono ili kujaza musingi. Mawe yale yana meno, yanakula kiganja hata ukivaa kitambaa.

"Angalieni Papa Kataliko," mumoja akasema. "Anapiga musumari moja, anapumzika miwili."

"Na ule moja ameupinda!"

"Nyamazeni, ninyi," Papa Kataliko akajibu kutoka juu ya ngazi. "Nyumba hii itawazika wote."

Pembeni yangu alikuwa Mama Nsimire, aliyehamia kwetu tangu Krismasi. Ni mwanamke mwema, mwenye kucheka. Ameolewa miaka ishirini na hajashika mutoto wake hata moja. "Mama Kambere," akaniambia, "unabeba kama unajenga kwako! Pumzika, utakufa kabla ya kula sombe."

Sikupumzika. Watoto walikuwa wamefungiwa ndani wanafundishwa wimbo wa kutupokea, na kwa dirisha nilimuona Kahindo. Amekuwa murefu. Wamemunyoa kichwa. Sikumupungia mukono. Nilijisemea, leo si siku ya kupunga, leo ni siku ya kuchukua.

Saa sita vitanda vikaingia. Vilikuwa thelathini, tukavitandika mashuka tuliyoleta. Basi Directeur akatoka na beseni ya plastiki yenye vikaratasi vilivyokunjwa.

"Bamama, kila mumoja atachota jina. Mutoto utakayemuchota ni mutoto wako wa sala kwa mwaka muzima. Utamuombea, utamulisha leo na mukono wako, tutapiga picha pamoja kando ya kitanda chake. Na kila samedi, ni kusema Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mulango uko wazi kwako."

Bamama wakapiga vigelegele. Mimi nilichota bila kufurahi. Nikasoma: Umugwaneza. Kumbe ni katoto ka miaka mitatu, macho makubwa, kakanishika kitambaa na hakakuniachia.

Mama Nsimire akafungua yake, akasoma kwa sauti: "Kahindo!" Akaanguka magoti. "Mungu umenikumbuka! Kahindo wangu ni nani? Aje!"

Nikamuona mutukulu wangu anasukumwa mbele. Akasema kama walivyomufundisha: "Asante, mama wa sala." Macho yake yakanipitia na kurudia kwa Mama Nsimire, kama mimi ni nguzo.

Nikamuvuta Mama Nsimire pembeni. "Mama, tubadilishane karatasi. Nakuomba."

"Juu ya nini?"

"Huyu ni mutoto wa Kambere wangu."

Akaniangalia kwanza miguu, kisha uso. "Kama ni wako, anafanya nini hapa?"

Nikataka kueleza. Mguu, papier, Védaste, ningeanza na nini? Akanishika bega, hata haikuwa na ubaya. "Mama Kambere, kura ni ya Mungu. Miaka ishirini ninachota, ninapata tupu. Leo nimepata. Usiniombe hii."

Nikajisemea haizuru, sala ni sala tu, jioni mutoto ni wangu. Nikaenda kwenye sufuria kugawa. Kutoka pale nilimuona Papa Adalbert anaingia bureau ya Directeur. Nilikuwa ninaweka foufou kwa sahani, macho yangu kwa ule mulango. Alipotoka, kofia yake ilikuwa mukononi.

"Mama," akaanza, na sauti ile ya mazishi. "Vitanda ni thelathini, watoto ni thelathini. Majina na picha vimeshatumwa kwa wafadhili. Kitanda kimoja kikibaki wazi siku ileile ya kufungua, tutaeleza nini kwa mapadri wa paroisse? Acha tungoje Pasaka ipite."

"Pasaka gani, Papa? Ya mwaka gani?"

"Polepole, watu wanasikia."

Nikaweka mwiko chini. "Wasikie! Nimebeba mawe tangu asubuhi, kumbe ninamujengea mutoto wangu mahali pa kumufungia. Kahindo huyu ana mutu. Mutu wake ni mimi. Leo ninarudi naye."

Mama Nsimire akasimama, sahani mukononi. "Mama Kambere, ulikuja kujenga ao kubomoa? Mbele ya watoto?" Na wengine wakaitika: "Ni haya kweli," "Si angesema mapema," "Kwaresima yote hii!" Bamama wawili waliosikia ahadi ya Papa Adalbert walikuwa wanaangalia sombe yao.

Directeur hakukasirika. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Akaja polepole, akachuchumaa mbele ya mutoto. "Sisi si wanyang'anyi, bamama. Tuulize mwenyewe. Kahindo, huyu unamujua?"

Kahindo akatafuna, akameza. "Ni Koko."

"Unataka kwenda naye?"

Nikafungua mikono. Mungu ni shahidi wangu, nilifikiri atakimbia.

Akaangalia sahani yake. "Alisema mwezi moja," akasema. "Nikahesabu. Nikahesabu ingine. Bengine walikuwa wananicheka."

"Nilikuja, mama yangu," nikamwambia. "Kila Yenga nilikuja. Na karanga, hukupata karanga?"

Akatikisa kichwa.

"Muulize Védaste!"

Védaste alikuwa amesimama kwa mulango, sahani yake imejaa nyama. Directeur akamuambia alete kitabu cha wageni. Akakifungua mbele ya Papa Adalbert, ukurasa kwa ukurasa, jina langu halimo. Lingekuwamo namna gani? Anaandikwa mwenye kuingia. "Védaste," nikamuambia, "sema basi, wewe una mama." Akaangalia kitabu, akaangalia Directeur. Akasema: "Wanaokuja ni wengi, Mama. Sikumbuki wote."

Kahindo akamugeukia Mama Nsimire, akamushika mukono. "Wewe utakuja samedi ya kwanza?"

"Nitakuja."

"Kweli?"

"Kweli," akasema Mama Nsimire, na machozi yakamutoka. Yangu yalikataa.

Nikashusha mikono. Kama ningemubeba kwa nguvu mbele ya wale wote, angelia, na kilio kile Directeur angekiandika. Wakapiga picha. Waliniita na mimi, nikaenda, juu katoto Umugwaneza kalikuwa bado kameshika kitambaa changu na hakakuwa na kosa. Nikakapakata. Kakalala papo hapo, mudomo wazi, mafuta ya sombe kwa kidevu. Kwenye kitanda cha nne kutoka kwetu, Kahindo alicheka kwa picha.

Ndani ya Fuso hakuna aliyekaa karibu yangu. Tukafika karibu na Majengo, ndipo Papa Adalbert akasogea, daftari lake gotini.

"Mama, usiweke hasira. Pale nilifanya ninachoweza."

"Mwezi ujao mutarudi?"

"Bamama wa sala watarudi. Ninaandika majina." Akakohoa. "Wewe unaweza kupumzika. Tutapata mwingine wa kuchukua katoto kako."

"Niandike."

"Mama Kambere, kumuona vile, si utajiumiza bure?"

"Mimi ni mama wa sala wa Umugwaneza. Kwa jina la Kahindo hawanifungulii, kwa jina la Umugwaneza watanifungulia. Niandike. Nitaingia, nitakapakata, na Kahindo ataniona nimepakata mutoto wa mutu mwingine. Atahesabu, na safari hii nitakuwa ninakuja."

"Na kama hatasogea kwako?"

"Niandike, Papa."

Gari likaruka kwenye mawe, Bic ikamutoka mukononi. Akaiokota, akaandika.